Muulize Anti Nesi: "Vumilia" sio sindano ya ganzi

Jamani mwezi huu sijui kuna nini, barua karibu zote ni za vipimo. Kipimo cha mirija, kamera ya tumbo, sindano, lile dude la kuingizwa ndani kama mkate kwenye oveni. Na wengi mnauliza hii habari ya kutuliza akili ambayo vijana wanaiita maindifulnesi, je inasaidia kweli au ni mambo ya watu wenye nafasi. Mimi nimekaa wodini na vyumba vya vipimo miaka 29 kabla sijastaafu, nitajibu kwa nilichokiona na nilichosoma, pale panapohitaji daktari nitawarudisha kwa daktari wenu. Barua nimezifupisha, majina nimetoa.

*

Shikamoo Anti. Nina miaka 34, naishi Morogoro, ndoa ina miaka minne hatujapata mtoto. Daktari akaniandikia kipimo cha mirija ya uzazi, kile cha kupigwa picha huku wanaingiza dawa. Nilienda mwezi wa tatu Anti sitaki hata kukumbuka, walipoingiza tu kile chuma nikaruka, nesi akaniambia "sasa dada ukiogopa hiki, kujifungua utaweza?" wakati mimi ndo hicho hicho kujifungua ninachokitafuta. Nililia pale pale kitandani, kipimo hakikukamilika na hela haikurudi. Mdogo wangu yuko chuo kanitumia klipu WhatsApp, mtu anasema fumba macho jione uko ufukweni unasikia mawimbi. Nimejaribu nyumbani nikaishia kukasirika. Nimepangiwa tena mwezi ujao, usiku silali. Hii ya kutuliza akili inafanyaje kazi maana mimi ufukwe siuoni na kile chuma nitakisikia tu.
Mama Mtarajiwa, Morogoro

Marahaba mwanangu, na pole sana. Yule nesi alikosea, ila sitamrushia mawe maana maneno ya namna hiyo na mimi nimeyasema sana ujanani, "jikaze mama", "vumilia kidogo", nayasema huku naangalia saa foleni iko mlangoni. Nimekuja kujua uzito wake nikiwa na miaka 51, siku nilipotolewa kinyama kwenye ziwa kwenda kupimwa. Nimelala pale, mwenzangu tuliyesoma naye akaniambia "vumilia, wewe si mwenzetu". Nilitamani kuamka nimpige. Vumilia inamwambia mtu anyamaze, haimwambii afanye nini.

Sasa ufukwe. Hujakosea kuuchukia. Kujihamisha kimawazo ni njia, na kuna watu inawafaa, lakini ile sio maindifulnesi, ni kinyume chake kabisa. Maindifulnesi ni kutulia pale pale ulipo. Uko kitandani, taa iko juu, kuna chuma, kuna baridi ya dawa ya kusafishia, na wewe unaangalia kinachotokea mwilini kama mtu anayeangalia mvua akiwa barazani, hugombani na mvua na wala huiongezei maji.

Maana huwa tunaiongezea. Kuna maumivu ya kile kifaa chenyewe, hayo yapo na ni ya kweli. Alafu kuna hadithi tunayojisimulia juu yake, "sasa hivi itazidi, mirija itakuwa imeziba, nikirudi nyumbani nitamwambia nini mume wangu". Kwenye kile kitanda mwanangu hukulala peke yako, ulilala na mama mkwe na wifi zako wote. Mwili ukishasikia hiyo hadithi unakaza mapaja, unakaza makalio, unabana pumzi, na kifaa kikiingia kwenye misuli iliyokazwa kinauma mara mbili, unaruka, basi hadithi inapata ushahidi wake. Tunachotaka ni kuikata hiyo hadithi, yale maumivu ya kifaa tuyaachie dawa.

Ndio, dawa, na hapa nataka unielewe vizuri. Kutulia hakuchukui nafasi ya dawa ya maumivu hata siku moja, na mtu akikwambia "we pumua tu" wakati kuna dawa kabatini, mwambie Anti Nesi kakataa. Kipimo cha mirija wengi wanashauriwa kumeza dawa ya maumivu kama ibuprofeni saa moja hivi kabla. Muulize daktari wako maana wenye vidonda vya tumbo, baadhi ya wenye pumu na wenye aleji nayo haiwafai. Mwambie pia kama una aleji ya ayodini au uliwahi kuugua maambukizi ya nyonga, atajua la kufanya. Na tangu hedhi ianze usikutane na mume mpaka kipimo kipite, mara nyingi wanakipanga siku ya 7 mpaka ya 10, kwasababu hawataki kumwaga dawa na kupiga picha kwenye mimba changa ambayo hakuna anayeijua.

Mazoezi sasa. Usisubiri siku yenyewe, mtu haendi kujifunza kuogelea katikati ya mkondo. Chukua kipande cha barafu, kishike kiganjani, weka dakika moja kwenye simu. Utaona sekunde za mwanzo mkono unataka kukitupa. Usikitupe, na wala usiimbe wala kufikiria ufukwe, kiangalie. Baridi iko wapi? Katikati ya kiganja au kwenye vidole? Inachoma, inavuta au inakata? Ipe jina kimoyomoyo, "kuchoma... kuchoma... sasa inakata... sasa ganzi". Pumzi iingie puani kawaida, ila ya kutoka iwe ndefu, kama unapoza chai kwenye kisosi. Utagundua kitu ambacho mimi mwenyewe kilinishangaza, maumivu hayajakaa kama tofali, yanapanda, yanashuka, yanahama. Ukisema tu "inauma" yanakuwa kitu kimoja kikubwa, ukiyaangalia yanakuwa vitu vidogo vidogo vinavyopita. Fanya kila jioni siku saba, mkono huu na mkono ule. Mawazo yakikimbia, na yatakimbia, yarudishe tu bila kujitukana.

Siku yenyewe itaenda hivi, na nakwambia kila hatua maana nusu ya woga wako ni wa kutojua kinachofuata. Utalala chali kwenye meza ya eksirei magoti juu. Wataingiza kile kifaa cha kufungulia njia, hapo ndo uliruka mara ya kwanza. Kabla hakijagusa legeza taya, acha mdomo uwe wazi kidogo, vidole vya mikono vifumbue. Sijui kama uliwahi kusikia wakunga wa zamani wanavyomwambia mzazi alegeze mdomo, hawakuwa wajinga, mtu anayesaga meno huwa anabana na chini. Kifaa kiingie wakati unatoa pumzi. Watasafisha, ni baridi. Wataingiza mrija mwembamba kwenye mlango wa kizazi, unaweza kusikia kama umefinywa. Alafu dawa, na hapo ndo penyewe, tumbo litabana kama chango la hedhi, kwa wengine kidogo, kwa wengine sana. Hapa ndo unarudi kwenye barafu yako, "kubana, kuvuta, kubana, inapungua". Dawa inapita muda mfupi, kipimo chote mara nyingi hakizidi dakika kumi hivi. Ikikushinda kuangalia tumbo, hamishia akili kwenye nyayo, pale kisigino kinapogusa, kaa hapo.

Kabla ya kuanza, ukiwa bado umevaa nguo zako na umekaa, mwambie daktari maneno haya: "Mara ya kwanza ilinishinda. Naomba uniambie kabla ya kila hatua, na nikiinua mkono wa kushoto usimame." Wengi wanakubali, haiwagharimu kitu. Na watu wengi wakishajua wanaweza kuinua mkono hawauinui. Mirija yenyewe nayo inaweza kubana wakati wa kipimo, picha ikaonyesha imeziba kumbe haijaziba, kwahiyo hata majibu yakija mabaya uliza kwanza kama inawezekana ilikuwa hiyo, usiende kulia bafuni.

Jambo moja nalisema taratibu. Kama kuna mtu aliwahi kukuumiza huko nyuma, kukulazimisha, na hilo ndo linalorudi ukilala pale, usifumbe macho na usijilazimishe kuangalia mwili, inaweza kukurudisha kule kule. Macho wazi, hesabu vigae vya dari, sema tarehe ya leo, ongea na mtu aliyekushika mkono. Omba mhudumu mwanamke, omba ndugu yako aingie mpaka pale eksirei inapopigwa. Huna haja ya kusimulia chochote, sema tu "vipimo vya chini ni vigumu kwangu".

Ukirudi nyumbani kidamu kidogo na uteute vya siku moja mbili ni kawaida. Homa, maumivu yanayozidi au uchafu unaonuka, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na uniandikie majibu.

*

Mdogo wangu salaam. Mimi ni mzee wa miaka 67 hapa Tanga, nina vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Wanataka kuniingiza kamera mdomoni. Mwaka juzi walijaribu nikakokomoka nikaishika ile mipira nikaivuta mwenyewe, daktari akanikasirikia. Wananiambia nitulie. Nitatulia vipi na kidude kiko kooni?
Mvuvi Mstaafu, Tanga

Shikamoo kaka. Kukokomoka sio woga, koo limeumbwa lifukuze kitu, la kwako linafanya kazi yake vizuri tu. Kwahiyo usipigane nalo. Watu wanafikiri kutulia ni koo linyamaze, hapana, koo litafanya fujo zake na wewe unaendelea kupumua.

Kubwa la kujua ni hili, njia ya hewa na njia ya chakula ni mbili. Kamera iko kwenye ya chakula, hewa iko wazi. Ubongo hauamini, unapiga kelele unakabwa, lazima uuonyeshe. Nyumbani weka kijiko mdomoni, kishike kwa meno bila kukisukuma nyuma, alafu pumua kwa pua dakika tano huku unasikiliza hewa inavyoingia ya baridi na kutoka ya moto. Ndo hilo hilo utalifanya kule, na wewe mtu wa bahari pumzi si ya kufundishwa.

Siku hiyo unakuwa hujala kwa muda wa masaa sita au zaidi, fuata walivyokwambia. Watakupulizia dawa ya ganzi kooni, ina ladha mbaya, na itakufanya uhisi kama huwezi kumeza, wengi wanatishika hapo, ni ganzi tu inapita. Unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kile kiplastiki. Wakati kamera inapita kooni watakwambia umeze, hizo sekunde chache ndo ngumu kuliko zote, ikishapita inakuwa nafuu. Udenda uache umwagike, usiumeze, kuna kitambaa chini, hakuna anayekuangalia kwa ubaya. Watajaza hewa kidogo tumbo lifunguke, utabeua, beua. Macho yakazie sehemu moja ukutani. Kwa kawaida ni dakika tano mpaka kumi wakiwa hawana cha ziada cha kufanya.

Na uliza kama wana sindano ya usingizi mwepesi. Sio aibu, na sio kushindwa. Ukichomwa hiyo uje na mtu wa kukurudisha nyumbani na siku hiyo usiendeshe chochote, hata bodaboda usipande nyuma ukiwa na lepe la usingizi.

Alafu kuna jambo limenifurahisha tangu nilisome. Mwaka 1996 Donald Redelmeier, daktari wa Kanada, na Daniel Kahneman, yule ambaye baadae alipata Nobeli ya uchumi 2002, waliwafuatilia watu waliofanyiwa kamera ya utumbo mpana. Wengine ilichukua dakika 4, wengine zaidi ya saa. Wakaja kuona muda haukuwa na uzito mkubwa kwenye kumbukumbu, watu walichobeba ni pale palipouma kuliko pote na namna ilivyoisha. Sasa kaka yangu, wewe ya kwako iliishia kwa ugomvi, umevuta mipira na daktari kakasirika, ndo maana miaka miwili unaibeba. Safari hii muombe daktari aitoe polepole, na ikishatoka usiruke kitandani. Lala dakika tatu nne, pumua, sikia koo linavyorudi. Acha mwisho uwe huo.

*

Niaje Anti, mimi ni kijana wa Likoni Mombasa. Shida yangu ni damu. Nikienda kutolewa damu, hata kidogo ya kupima, naanguka puu kama gunia. Mabeshte wamenibandika jina Bwana Sakafu. Juzi nilikuwa nafanyiwa medikali ya kazi nikasema leo nitatumia ile maindifulnesi, nikavuta pumzi ndani, nikalegeza mwili wote kabisa, nikazimia mbio kuliko siku zote. Hii kitu ni uongo ama?
Bwana Sakafu, Likoni

Poa mwanangu, nimecheka mpaka nimeona vibaya. Hujadanganywa, umepewa dawa ya ugonjwa mwingine. Woga wa nyoka unapandisha presha na kuiacha juu, mtu anakimbia. Woga wa damu na sindano kwa watu kama wewe unapandisha alafu unaiangusha ghafla, mapigo ya moyo yanapungua, damu haifiki vizuri kichwani, unazima. Sasa mtu ambaye presha inashuka ukimwambia alegee mwili mzima si ndo unamsukuma?

Wewe unatakiwa kukaza. Kuna mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, ndo aliyeifanyia kazi sana hii miaka ya 80. Kaza mapaja, tumbo na mkono ule usiochomwa, kama unasukuma gari lililonasa, sekunde 10 mpaka 15 hadi usikie uso umepata joto. Achia, ila usilegee kabisa, rudi tu kawaida sekunde 20 au 30. Rudia mara tano. Fanya nyumbani wiki nzima kila siku ndo uende. Mkono wa sindano uache umelegea maana ukiukaza mshipa unasumbua na panauma.

Kutulia kwako wewe kazi yake ni kuwa mlinzi wa geti. Unaangalia dalili za mwanzo, jasho la baridi, masikio kuvuma, miayo, macho kuingia ukungu, ukiiona ya kwanza tu unaanza kukaza, husubiri ya pili. Na mwambie mchukua damu kabla hajafungua sindano kwamba huwa unaanguka, akulaze. Mtu aliyelala hana pa kuanguka, hilo jina litakufa lenyewe.

*

Asalaam alaykum Bi Nesi. Sisi asili yetu Unguja lakini tunaishi Maskati miaka mingi. Nimeandikiwa MRI ya kiuno, ile picha ya kuingizwa ndani ya mashine yenye tundu, na mimi siwezi sehemu za kubana, hata lifti napanda kwa shida. Binti yangu ananambia nifanye meditesheni, mume wangu kakataa katakata anasema hayo mambo ya Mabudha, tusijetia mguu kwenye dini ya watu. Nifanyeje, na je nikileta dhikri mle ndani yatosha?
Bi Mkubwa, Maskati

Waalaykum salaam warahmatullah bibi yangu. Mumeo hajasema uongo, chimbuko liko huko kweli. Aliyeitia hospitalini ni Jon Kabat-Zinn, Mmarekani, alifungua kliniki yake mwaka 1979 kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts mjini Worcester, kwa wagonjwa wa maumivu sugu ambao tiba za kawaida zilikuwa haziwatoshi. Alichukua mazoezi ya Kibudha akayavua dini, akabakisha pumzi na kuangalia mwili, akatengeneza darasa la wiki 8. Mambo ya halali na haramu sio yangu, muulizeni sheikh wenu. Ninachoweza kusema ni kwamba kule kurudisha akili kila inapopotea wewe umeanza zamani, umekuwa ukitafuta khushui, ule utulivu wa moyo, kwenye sala tangu mtoto.

Na dhikri yatosha, tena ina sababu yake. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia walichapisha kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini, na watu wale wale wakitamka maneno ya yoga, kote kuwili pumzi zao zikateremka mpaka kama sita kwa dakika, pumzi ya mtu aliyetulia hasa. Dhikri hawakuipima, sitawasemea, lakini mtu anayesema Subhanallah kwa pumzi ndefu mara thelathini na tatu bila haraka, mapafu yake yanafanya kazi ile ile. Iwe ndani kwa ndani, usitikise mdomo wala kichwa maana picha ikitikisika wanaanza upya, na hicho ndo hukitaki.

Nikwambie chumba kilivyo. Tundu lina upana wa sentimita 60 mpaka 70, liko wazi pande zote mbili, hewa inapita na taa ipo. Kwa kiuno utaingia sehemu kubwa ya mwili, uliza kama miguu inaweza kutangulia, mashine nyingine inawezekana. Itachukua kama dakika 20 mpaka 45, wakati mwingine zaidi. Kelele zake ni kama fundi anavunja lami, alafu king'ora, alafu kimya, alafu gongagonga, watakupa vizibo vya masikio, usivikatae. Na watakupa kitufe au mpira wa kubonyeza mkononi. Huo mpira ndo mlango wako bibi, ukiubonyeza wanakutoa. Ujaribu kabla hawajakuingiza, usikie kweli unalia.

Macho yafunge ukiwa bado nje, uombe wakuwekee kitambaa kidogo usoni, na usiyafungue mpaka utolewe. Watu wengi wanaingia vizuri alafu dakika ya kumi wanachungulia, wanaona paa liko puani, basi. Zile kelele ukizipinga zinakuwa adui, zichukue kama sauti tu, hii nene, hii nyembamba, hii imekatika, na katikati ya sauti unarudi kwenye dhikri yako. Moyo ukienda mbio usiuamrishe usimame, uangalie unavyokwenda mbio, unachoka wenyewe.

Chuma chote nje. Na hapa wanawake wetu wanasahau, pini za mtandio, vifungo vya buibui, waya wa sidiria, hirizi yenye kipande cha chuma, tasbihi ya kielektroniki. Kama una kifaa chochote ndani ya mwili, moyo, sikio, mifupa iliyounganishwa, waambie kabla hujaingia hata kile chumba. Ikishindikana kabisa kuna dawa ya kutuliza, iombe siku ile unapopangiwa, sio umeshavaa gauni.

*

Shikamoo Anti, mimi nasomea unesi mwaka wa pili Iringa. Tunafundishwa tumwambie mgonjwa ukweli, sasa nikimchoma namwambia "itauma sana kama moto" ili ajiandae. Mwalimu mmoja kasema nakosea. Je nidanganye haitauma?
Mwanafunzi, Iringa

Marahaba mwenzangu. Usidanganye, ila hiyo "kama moto" umempandia mbegu. Mwaka 2005 Elvira Lang na wenzake walichapisha kazi yao, walichukua rekodi za vyumba vya upasuaji mdogo wakaona wagonjwa walioonywa kwa maneno ya kutisha kabla ya kuguswa waliripoti maumivu na hofu zaidi. Mwambie kinachotokea na muda wake, "naweka dawa ya ganzi, utasikia kitu, watu wengine wanasema ni ubaridi, wengine joto, niambie wewe unasikiaje". Hapo umemwambia kweli na umempa kazi ya kufanya. Ukishamaliza usianze "pole jamani pole sana iliuma eeh", muulize tu sasa hivi iko vipi. Na kabla hujagusa, mpe nafasi ya pumzi moja kamili, unahesabu moyoni. Foleni haitakufa kwa pumzi moja.

*

Anti habari, mwanangu ana miaka 6 ana selimundu, kila mwezi mbili tatu tunalazwa, na kila tukilazwa ni kanula, kile kimrija cha kuchomekwa kwenye mshipa. Sasa hivi akiona koti jeupe tu anajificha uvunguni. Wanamshika watu wanne. Naumia kuliko yeye. Mtoto atafundishwa haya mambo?
Mama wa Shujaa, Mwanza

Nzuri mwanangu, pole na safari hizo. Atafundishwa, tena anawashinda wakubwa, ila usimwambie "tulia", mpe kitu cha kupuliza. Nunua maji ya mapovu ya sabuni au mtengenezee na bomba la mrija, mkiwa nyumbani, siku nzuri asiyoumwa, mshindane nani anatoa povu kubwa. Povu kubwa halitoki kwa pumzi ya haraka, atajifunza mwenyewe kupuliza taratibu. Hospitalini sindano inaingia wakati anapuliza. Kama hamna mapovu vidole vitano ni mishumaa, anazima mmoja mmoja.

Asilazwe chali akabanwa na watu wanne, akae mapajani kwako amekuegemea kifua, wewe umemkumbatia, mkono wake mmoja tu ndo unatolewa. Uliza kama wana krimu ya ganzi, inapakwa kama saa moja kabla kwahiyo uiseme mapema mnapofika, sio kanula ikiwa tayari mkononi. Maji ya kunywa ya kutosha njiani yanasaidia mishipa kuonekana. Na usimwambie "hatuchomi leo" kama mnachoma, ataacha kukuamini wewe na ukiondoka wewe hana mwingine pale.

Mtafutie kitu cha kuamua yeye. Akifika muuguzi amuulize, mkono huu au ule, plasta ya rangi gani, tuhesabu mpaka tatu au mpaka tano. Wa kwangu, mjukuu, alichagua mpaka ishirini na saba. Tukahesabu.